Sala na Ndoo ya Makombo

Katika kila bwalo la chuo kikuu nililopata kula ndani yake nimeviona vitu viwili visivyokosekana. Kitu cha kwanza ni sala. Kijana huketi mbele ya sahani yake, huinamisha kichwa au hutamka Bismillahi kwa sauti ndogo, kisha hunyosha mkono akaanza kula. Kitu cha pili ni ndoo. Huwekwa karibu na mlango wa kutokea, na kijana yule yule aliyesali huiendea baada ya muda mfupi, huinamisha sahani yake juu yake, na wali, ugali na maharage huporomoka ndani. Baina ya sala na ndoo pana hatua chache tu, lakini dini ya wengi wetu haijapata kuzitembea hatua hizo.

Insha hii ni ugomvi, wala sitaki kuificha sura yake. Sigombani na mlafi. Mlafi ana kosa lake, lakini sahani yake hurudi tupu. Sigombani na asiyeamini; yeye hakumshukuru mtu kwa chakula chake, basi hakuna ahadi aliyoivunja. Nagombana na wacha Mungu wa vyuo vikuu, ambao mimi nilikuwa mmoja wao, na ambao mikono yao huitikia amina na kumwaga chakula katika saa moja. Nasema kuwa mtu wa namna hii ametoa ushahidi wa uongo. Alishukuru kwa kitu asichokithamini, na aliomba baraka juu ya kitu ambacho alikuwa tayari kukiita takataka.

Wazee waliotuachia lugha hii hawakulala juu ya jambo la chakula kilichobaki. Wali ulioganda chini ya chungu waliuita ukoko, na watoto waliugombania. Chakula kilicholazwa kikaliwa asubuhi waliita kiporo, na wengine wa pwani wakakiita mwiku. Kilichosalia baada ya watu kushiba waliita masazo, na kilichobaki sahanini kwa mlaji waliita makombo. Majina haya si ya bure. Mtu hakipi kitu jina lake ila amekiangalia, na amekiangalia kwa sababu anakusudia kukitumia. Sisi tuliosoma zaidi tumeyasahau majina hayo tukabakiwa na moja, nalo ni uchafu.

Tena liko neno ubadhirifu. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na shina lake linachukua maana ya kutawanya, kama mtu anavyotawanya mbegu. Mbadhirifu, basi, ni mpanzi asiye na shamba: hutupa mbegu juu ya mwamba na majini, mahali ambapo haitaota wala haitaokotwa. Siku hizi tumelihamisha neno hili likawa la fedha za umma peke yake. Tukisikia kuwa mhasibu fulani ni mbadhirifu, twataka ashitakiwe, na wanafunzi ndio wa kwanza kupaza sauti. Lakini yule anayetawanya chakula mara tatu kwa siku hatumwiti mbadhirifu. Twamwita mtu aliyeshiba.

Hebu tuziulize dini zetu wenyewe. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, wanadamu wanaambiwa wajipambe vizuri kila waendapo kusali, kisha wale na kunywa bila kupita kiasi. Amri hizo zimo katika aya moja. Kijana wetu ameitii nusu ya kwanza kwa bidii kubwa: kanzu yake ya Ijumaa imepigwa pasi hata ukingo wake unaweza kukata karatasi. Nusu ya pili ameiacha mlangoni pamoja na viatu. Katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, katazo la ubadhirifu linafuatana na amri ya kumpa haki yake jamaa, maskini na msafiri, na wabadhirifu wanaitwa ndugu wa mashetani. Mpango huo una maana. Haki ya maskini na ubadhirifu wa tajiri vimewekwa pamoja kwa sababu ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili. Kadhalika, Mtume aliwafundisha watu wake waokote tonge lililoanguka, waondoe uchafu wake na kulila, na wasafishe sahani, kwa kuwa mlaji hajui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chake. Huenda imo katika tonge la mwisho, lile ambalo sisi hulipa ndoo.

Mkristo naye hana pa kujificha. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 6, watu elfu tano wanashibishwa kwa mikate mitano na samaki wawili, na baada ya shibe hiyo wanafunzi wanaamriwa wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu. Vikajaza vikapu kumi na viwili. Nakuomba msomaji uitazame amri ile kwa makini. Aliyeitoa hakuwa na upungufu. Alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa anaweza kupata mikate bila shamba, bila mvua na bila tanuri. Ikiwa mwenye uwezo huo alijali makombo, mwanafunzi anayekula kwa mkopo anapata wapi kiburi cha kutoyajali? Na katika Injili ya Luka, mlango wa 16, tajiri aliyekuwa akila vinono kila siku hasemwi kuwa alimwibia Lazaro wala kwamba alimpiga. Kosa lake lilikuwa kuketi mezani na kutotazama mlangoni.

Mimi nilimtazama Lazaro mlangoni, nikakaa kimya. Katika chuo nilichosoma alikuwako mama mmoja mtu mzima aliyeosha vyombo. Sote tulimwita Mama, naye alituita wanangu. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa akitenga vipande vya ugali ambavyo havikuguswa, akavitia katika kopo lake na kwenda navyo kwa wajukuu. Siku moja msimamizi wa bwalo alilifungua kopo lile mbele ya watu, akamwita mwizi, na kesho yake hakurudi kazini. Nilikutana naye njiani na mzigo wake. Nikampa shikamoo, akaniitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikuchukua chakula cha mtu. Nilichukua mlichokikataa."

Sikupata jibu siku ile. Sisi mamia tuliomwaga hatukushitakiwa na mtu. Mmoja aliyeokota alifukuzwa. Na jioni ile ile tulisali juu ya chakula kama kawaida, na ndoo ikajaa kama kawaida. Nimeandika insha hii ili nimjibu Mama yule, ingawa nimechelewa.

Najua majibu yatakayotolewa dhidi yangu, maana nimeyasikia mengi na mengine niliyatumia mwenyewe. La kwanza ni hili: chakula nimekinunua kwa fedha yangu, nikikila au nikikimwaga ni shauri langu. Jibu hili lingekuwa zito kama lingetoka kwa mtu asiye na dini. Lakini mwenye dini, Muislamu au Mkristo, amekwisha kukiri kuwa mali si yake bali ni amana, na kwamba ataulizwa aliitumiaje. Hawezi kukiri hivyo msikitini au kanisani, kisha akawa mmiliki mkuu bwaloni. Tena, fedha yenyewe ni ya nani? Katika Tanzania, wanafunzi wengi hula kwa fedha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoanza kazi mwaka 2005, fedha ambayo wao wenyewe huiita bumu. Fedha hiyo hutoka katika hazina ya watu wote, pamoja na mkulima ambaye mahindi yake yamo ndooni. Basi mkulima hutupwa mara mbili: kwanza kodi yake, kisha jasho lake.

Jibu la pili husema kuwa kinachobaki ni kidogo. Tufanye hesabu. Tuseme bwalo lina wanafunzi 1,000, na kila mmoja anabakiza gramu 50 za wali, yaani vijiko viwili au vitatu. Kwa mlo mmoja ni kilo 50. Kwa kuwa mchele ukipikwa huongezeka uzito kiasi cha mara tatu, kilo hizo ni karibu kilo 17 za mchele. Kwa milo miwili kwa siku ni karibu kilo 34, na kwa siku 100 za masomo ni kilo 3,400, yaani magunia 34 ya kilo mia mia. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyetupa gunia, lakini magunia 34 yametupwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinaweza kujazwa kwa hasara kama kinavyojazwa kwa akiba.

Jibu la tatu ni la wasomi, nalo lina ukweli ndani yake. Husema kuwa upotevu wa chakula katika Afrika hutokea shambani, ghalani na njiani, kwa wadudu, unyevu na barabara mbovu. Ubadhirifu wa mezani ni ugonjwa wa nchi tajiri. Ni kweli kuwa kiasi cha asilimia 13 ya chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno kabla ya kufika dukani. Lakini taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokwisha kuwafikia wauzaji na walaji, yaani asilimia 19 ya chakula hicho, wakati ambapo watu wapatao milioni 783 walikuwa na njaa. Sehemu 60 katika kila 100 za uchafu huo zilitoka majumbani, na 28 zilitoka mahali pa kupikia na kugawia chakula, ambapo mabwalo yetu yamo. Taarifa hiyo ilionyesha pia kuwa tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati, kwa chakula kinachotupwa majumbani, ni kama kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka. Basi ugonjwa wa matajiri umekwisha kutufikia sisi kabla ya utajiri wenyewe. Na hata kama ghala la mkulima linavuja, je, ni ruhusa kwa mlaji kutoboa sahani?

Jibu la nne ni kuwa makombo hayapotei, hupelekwa kwa kuku na nguruwe. Afadhali mnyama kuliko shimo, hilo sikatai. Chakula kikioza shimoni hutoa hewa mbaya inayozidisha joto la dunia. Lakini chakula kilicholimwa, kikasagwa, kikapikwa kwa kuni, mafuta na maji, kisha kikawa pumba, ni pumba ya ghali kupita zote. Na Muislamu anayejiepusha na nguruwe hana fahari katika kuwanenepesha kwa wali wake.

Sitaki kuonea. Iko siku ambapo ugali huja mbichi, maharage huja na wadudu, na mgonjwa hushindwa kula. Mwanafunzi anayebakiza kwa sababu hizo hana lawama. Lawama ni ya jiko. Mpishi naye ana dini yake, na kupika vibaya chakula cha watu ni ubadhirifu uliofanywa mapema. Lakini siku hizo ni chache kuliko ndoo zilizojaa.

Jambo baya kuliko yote bado sijalisema. Ningetazamia kuwa ndoo itakuwa nyepesi katika nyakati za ibada. Nimeona kinyume chake. Ndoo nzito nilizoziona katika maisha yangu ya chuo zilikuwa za futari za pamoja na za karamu za Pasaka. Mfungaji aliyevumilia kutwa nzima hupakua kwa macho ya saa kumi na moja na nusu jioni, kisha hula kwa tumbo la saa moja usiku. Na mwisho wa mwezi hupima pishi ya nafaka, kiasi cha kilo 2 na nusu, huitoa zaka kwa maskini kabla ya sala ya Idi. Hebu tumfuate na mizani. Kama alimwaga robo kilo ya wali kila usiku, kwa futari na daku pamoja, katika siku 30 amemwaga kilo 7 na nusu, nazo ni kilo 2 na nusu za mchele. Ni pishi kamili. Kwa mkono wa kulia ametoa pishi kwa maskini, na kwa mkono wa kushoto amemnyang'anya pishi ile ile. Mkristo aliyefunga Kwaresima siku 40 na kuleta mahindi yake madhabahuni siku ya shukrani ya mavuno afanye hesabu kama hiyo kwa mizani yake, nadhani hataipenda.

Hapo ndipo lilipo shina la hoja yangu. Dini hazikutulea kwa maneno matupu. Zilitulea kwa vipimo: pishi, sehemu ya kumi, siku 30, siku 40, vikapu 12. Mwenye hekima aliyetunga malezi hayo alijua kuwa moyo wa mwanadamu ni mwepesi wa kukubali na mzito wa kutenda, kwa hiyo akaufungia katika hesabu. Sisi tumezichukua dini tukaziacha hesabu zake, na kwa sababu hiyo tunahubiriana juu ya ubadhirifu mwaka baada ya mwaka na ndoo haijui habari zetu. Mtu hawezi kutubia kitu asichokipima. Mwenzangu mwanasayansi husema kuwa takwimu zatosha, dini haina haja. Mimi namjibu kuwa takwimu humwambia mtu ametupa kiasi gani. Hazimwambii kwa nini aone haya. Na kwa shehe na padri nasema kuwa hotuba humwambia mtu aone haya. Haimwambii kiasi gani. Kila mmoja ameshika nusu ya dawa na kumcheka mwenziwe.

Basi nini kifanyike? Kwanza, ndoo ipimwe kila siku, na uzito wake uandikwe ubaoni mlangoni mwa bwalo, mahali ambapo kila aingiaye atausoma kabla ya kupakua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, upawa uwe mdogo na kuongezewa kuwe bure. Makindu, katika barabara ya Nairobi na Mombasa, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hulishwa bila malipo. Desturi ya meza za namna hiyo ni kupokea kidogo, kumaliza, na kuomba tena. Asiyelipa senti hapati ruhusa ya kubakiza. Sisi tunaolipa twaona tumenunua ruhusa hiyo. Desturi ya sinia ya pwani ina hekima ya namna yake: kila mtu hula upande wake, na sehemu isiyoguswa hubaki chakula cha kumpa mwingine. Tatu, chakula kilichobaki sufuriani, ambacho hakijaingia sahanini, kigawiwe kikiwa bado kizuri, kwa utaratibu ulio wazi, na wafanyakazi wa jikoni wawe wa kwanza kupewa. Mtu asiitwe tena mwizi kwa kuokoa. Nne, vyama vya wanafunzi vya dini zote vihesabu watu kabla ya kupika futari na karamu, na vitangaze baada ya kula kilichomwagwa ni kilo ngapi, kama vinavyotangaza sadaka iliyokusanywa. Sadaka na ndoo visomwe pamoja, Ijumaa na Jumapili.

Labda mtu atasema kuwa haya ni mambo madogo kwa vijana wanaoandaliwa kuongoza nchi. Ningependa mtu huyo aende Ugogo. Katika miaka ya 1917 hadi 1920 nchi ile ilipatwa na njaa ambayo watu wake waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa vita isiyokuwa yao; kisha mvua zikakosa, na watu wengi wakafa. Waliochukua nafaka ile hawakuwa na nia ya kuua Wagogo. Walihesabu mahitaji yao, wakasahau kuhesabu ya wengine. Juu ya ardhi ile ile leo vimesimama vyuo vikuu, na katika vyuo vyetu, huko na kwingineko, wanalelewa mawaziri na mahakimu wa kesho. Kijana aliyezoea kutouona mkono uliolima chakula chake atauona vipi mkono huo akiwa na kalamu ya serikali? Ubadhirifu wa hazina hauanzi katika hazina. Huanza mahali ambapo mtu hujifunza kuwa kitu kisichomfaa yeye hakimfai mtu yeyote.

Wala sidai tuongeze sala. Sala tulizo nazo zatosha, kama tutazitembeza hatua zile chache mpaka mlangoni. Mwenye kusema Bismillahi aseme akijua kuwa amefungua hesabu, na mwenye kuomba chakula kibarikiwe ajue kuwa sehemu ya baraka hiyo iko mikononi mwake mwenyewe. Sahani tupu ndiyo amina ya sala ya chakula. Na kama Mama yule bado yu hai, na kama wajukuu wake wamekua wakafika vyuoni, namwomba Mungu awakute wameketi katika mabwalo ambayo ndoo yake ni nyepesi, wasije wakamwaga wao chakula ambacho bibi yao alifukuzwa kwa kukiokoa.